Sura ya Tano: Funguo Tatu Katika Ufunguo Mmoja

Ilikuwa saa moja kasoro jioni, Kariakoo, maduka yameanza kuteremsha mageti, nami nimesimama kando ya Suzuki Swift yangu, mfuko wa mchele mkono huu, ufunguo mkono ule. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena kwa nguvu zaidi, kana kwamba gari halikunisikia. Nikasogea hadi mlangoni, nikauweka mfuko chini, nikaugusisha ufunguo kwenye kioo na kubonyeza kwa vidole gumba viwili. Gari likanitazama tu.

Siwezi kusema sikuonywa. Mwezi mzima ufunguo ulikuwa unaniaga. Nilizoea kulifungua gari nikiwa ng'ambo ya barabara. Ikafika siku nikalazimika kuvuka kwanza. Kisha nikalazimika kufika mlangoni kabisa. Kisha ikawa ni kubonyeza mara tatu ndipo taa ziitike. Kila hatua niliizoea, kama mtu anayezidi kulisogeza gazeti mbali na macho ilhali duka la miwani liko mtaa wa pili.

Kariakoo msaada hauitwi, unakuja wenyewe. Kijana mmoja aliyekuwa ameegemea pikipiki alisogea.

"Shikamoo mzee. Rimoti imezingua?"

"Marahaba. Imezingua kweli."

Akaichukua, akaitikisa sikioni kama mtu anayechagua nazi. "Hii imefuta programu, mzee. Betri ikiisha kabisa, rimoti inalisahau gari. Hata ukiweka betri mpya haitasaidia, mpaka iprogramiwe upya. Kuna jamaa yangu ana mashine, namwita sasa hivi. Elfu themanini, kwa vile ni wewe."

Mfukoni nilikuwa nimebakiwa na elfu kumi na mbili. Kilichoniokoa jioni ile hakikuwa ujuzi, ulikuwa ni ufukara. Nilipomwambia hali halisi, kijana alirudi kwenye pikipiki yake bila kinyongo, na hapo ndipo mlinzi wa duka la vitenge, mzee wa makamo yangu, aliponiita kutoka kwenye kigoda chake.

"Ndugu yangu, hebu tazama ubavuni mwa huo ufunguo. Si kuna kidude cha kusukuma?"

Kilikuwapo. Miaka minne nimeubeba ufunguo ule na sikuwahi kukiona. Nilipokisukuma kwa ukucha, kikachomoka kipande cha chuma chenye meno, kifupi kama kidole cha mtoto. Nikakiingiza kwenye kitasa cha mlango wa dereva, nikazungusha, mlango ukafunguka, na papo hapo king'ora kikalia hadi watu wa ghorofani wakachungulia. Mlinzi hakushtuka. "Ingia," alisema. "Kanyaga breki, huo ufunguo ugusishe kwenye kitufe cha kuwashia, halafu bonyeza." Nikafanya hivyo. King'ora kikanyamaza, injini ikawaka. Alikuwa amekaa pale miaka mingi, akiwatazama wenye magari wakihangaika, akaokota elimu.

Katika sura iliyopita tuliifungua pasi ya umeme, nayo ilikuwa na skrubu sita na siri moja. Ufunguo wangu hauna skrubu hata moja, na siri zake ni tatu. Kwa kweli ni funguo tatu zilizofungiwa katika ganda moja la plastiki, na kati ya hizo tatu ni mmoja tu unaokula betri. Anayelijua hilo hawezi kutozwa elfu themanini. Asiyelijua anatozwa, tena anashukuru.

Wa kwanza ni chuma. Huo hauhitaji maelezo, isipokuwa kwamba watengenezaji wameuficha vizuri mno. Kwenye magari ya kubonyeza kitufe, chuma kinakaa ndani ya ganda, na tundu lake mlangoni mara nyingine limefunikwa kwa kifuniko cha plastiki kilichopakwa rangi ya gari, ukidhani ni sehemu ya kitasa. Kama una gari la namna hiyo, iache sura hii kidogo ukalitafute tundu lako leo, mchana kweupe, ukiwa huna haraka. Na uhakikishe linazunguka. Kitasa kisichoguswa miaka kumi katika hewa ya chumvi ya pwani huota kutu, na siku utakapokihitaji kitagoma.

Wa pili ni chipu. Kwenye ufunguo wa kawaida wa kuzungusha, chipu ni kipande cheusi kisichozidi sana punje ya hindi, kimechomekwa ndani ya plastiki. Hakina betri na hakijawahi kuwa nayo. Kuzunguka tundu la kuwashia gari kuna koili ya waya mwembamba. Ufunguo ukiingia, koili inatoa sumaku inayochezacheza mara 125,000 hivi kwa sekunde, na sumaku hiyo inatosha kuiamsha chipu, ikapata umeme wa kuitaja namba yake ya siri. Gari likiitambua namba, linaruhusu injini iwake. Lisipoitambua, hata uwe na chuma chenye meno sahihi, starta itazunguka bure au isizunguke kabisa. Uingereza kinga hii ilikuwa ya lazima kwa magari mapya kuanzia Oktoba 1998, na ndiyo sababu kukata chuma kwa fundi funguo wa kando ya barabara hakutoshi tena kupata ufunguo wa akiba.

Kwenye gari langu hakuna tundu la kuingiza ufunguo. Koili yake iko nyuma ya kitufe cha kuwashia, ndiyo maana mzee wa vitenge aliniambia niugusishe pale. Toyota za kubonyeza zinafanya vilevile: unakanyaga breki, unakigusa kitufe kwa ule upande wa ufunguo wenye nembo, unasikia mlio, unabonyeza. Betri yako inaweza kuwa imekufa tangu mwaka jana na bado ukaenda kazini kila siku kwa mtindo huo. Utachoka tu kuonekana unalibusu gari.

Wa tatu ndio redio, na huu ndio tunaouita rimoti. Ulianza Ufaransa. Renault Fuego ya mwaka 1982 ndiyo inayotajwa kuwa gari la kwanza kufungwa na kufunguliwa milango kwa mbali, kwa kifaa alichokibuni Paul Lipschutz. Herufi ya kwanza ya jina lake na mwanzo wa jina la ukoo zikazaa neno "plip", ambalo Wafaransa wanalitumia kuita rimoti ya gari mpaka leo. Rimoti za magari ya Ulaya hurusha sauti yake ya redio kwenye masafa ya megahezi 433.92, ilhali za yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya barabara za Japani, ambayo ndiyo mengi tunayoshushiwa bandarini Dar es Salaam na Mombasa, hutumia masafa ya karibu na megahezi 315. Kwa hiyo ganda la rimoti linaloonekana pacha wa lako kwenye kibanda cha duka huenda limetoka katika toleo la Ulaya, na gari lako halitalisikia kamwe, hata uliprogramu mara mia.

Sasa turudi kwa yule kijana na madai yake kwamba rimoti "imesahau". Ni madai yenye harufu ya ukweli, ndiyo maana yanauzika. Redio, simu za zamani, saa za mezani, vyote hivyo vilisahau mambo ukivitoa betri. Rimoti ya gari haifanyi hivyo, na ili kuelewa kwa nini, inabidi tujue inasema nini inapobonyezwa.

Ingekuwa inarusha neno lilelile kila siku, mwizi angekaa kando na kipokezi, akalirekodi, na usiku akalicheza tena. Ili kumkwepa, rimoti na gari hupewa daftari moja la maneno ya siri, nakala mbili zinazofanana. Kila ukibonyeza, rimoti inasoma neno la ukurasa unaofuata na kuufunga ule wa nyuma moja kwa moja. Gari halikubali neno la ukurasa uliokwisha kupita. Likisikia neno la kurasa chache mbele, linakubali na kuruka hadi hapo, maana linajua kuna mara nyingine ulibonyeza ukiwa mbali au mjukuu alichezea. Mfumo mmoja maarufu wa aina hii, KeeLoq, ulibuniwa hapa hapa Afrika, katika kampuni ya Nanoteq ya Afrika Kusini, miaka ya 1980. Mwaka 1995 kampuni ya Microchip ya Marekani iliununua kwa dola milioni 10, ukaingia katika magari ya makampuni makubwa ya dunia. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, Ujerumani, walionyesha jinsi ya kuuvunja, lakini hiyo ni habari ya wezi wenye shahada, si ya jioni ya Kariakoo.

Lililo muhimu kwetu ni pale namba ya ukurasa inapoandikwa. Imeandikwa ndani ya kumbukumbu isiyohitaji umeme, ya ukoo mmoja na ile inayotunza picha kwenye memori kadi yako. Toa betri, iweke rimoti kabatini miezi sita, weka betri mpya: itaendelea na ukurasa ulipoishia. Yapo magari machache, hasa ya Ulaya ya miaka ya nyuma, ambayo baada ya kubadilisha betri yanataka kukumbushwa: unawasha swichi ya gari bila kuwasha injini, unashikilia kitufe cha kufunga sekunde kadhaa, basi. Hilo ni jambo la dakika moja, na limeandikwa kwenye kitabu cha gari. Halihitaji kompyuta mpakato wala jamaa yake mtu.

Kesho yake asubuhi niliupeleka ufunguo Sinza, kwa binti mmoja fundi simu ambaye meza yake iko chini ya mwavuli wa kampuni ya vocha. Sikumwendea kwa sababu ni fundi wa magari. Nilimwendea kwa sababu ana kioo cha kukuzia na mikono isiyotetemeka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nataka betri ya hii."

Akaugeuza ufunguo mara mbili. Kwanza alichomoa kile chuma, na mahali kilipotoka pakaonekana ufa mwembamba. Hapo akaingiza bisibisi bapa aliyoizungushia kipande cha kitambaa, akapindisha kidogo, sehemu moja, akahama, sehemu ya pili. "Wengi wanaingiza kisu wanalazimisha upande mmoja," alisema. "Linatoka, lakini halifungi tena." Ganda likatoa mlio mdogo, kama ganda la karanga, likagawanyika. Kwenye kingo kulikuwa na mstari wa uchafu wa kijivu, miaka minne ya jasho la mfukoni na vumbi. Ndani, bodi ndogo ya kijani. Vitufe viwili vyenye duara za fedha. Na betri, bapa, inang'aa, imebanwa na ndimi mbili za shaba.

Kabla ya kuitoa alinionyesha ilivyokaa. Upande wenye maandishi na alama ya kujumlisha ulitazama chini, kwenye kifuniko. Alisema kama ningekuwa nafanya mwenyewe nipige picha kwa simu kabla sijagusa chochote, maana hapo ndipo watu wanapokosea, kisha wanalaumu betri mpya. Kwenye magari mengine upande huo unatazama juu. Hakuna kanuni ya jumla.

Halafu akafanya kitu nilichotaka kukiandikia sura nzima. Alichukua maltimita, akagusisha waya mwekundu na mweusi kwenye betri yangu iliyokufa. Ikasoma volti 2.8.

"Mbona nzima hiyo?" niliuliza. Betri mpya ni volti 3, nayo ilikuwa imepungukiwa kidogo tu.

"Subiri baba." Akaokota rizista moja kwenye kopo, akaibana kati ya nyaya mbili za maltimita ili umeme upite ndani yake, akapima tena. Namba ikaporomoka mbele ya macho yetu: 2.4, 2.1, 1.9. Akatoa betri mpya kutoka kwenye kadi yake, akaipima hivyo hivyo. Bila mzigo ilisoma 3.2. Kwa mzigo ikashuka hadi 3.0 ikasimama pale.

Hiyo ndiyo habari yote ya uzee wa betri hizi. Hazikauki kama ndoo inavyoisha maji. Zinakuwa kama mzee ambaye ameketi barazani na sura nzuri tu, mpaka umwombe anyanyue gunia. Ndani yake upinzani umepanda. Ikiwa haifanyi kazi, volti zinaonekana za kutosha. Rimoti inaporusha sauti inavuta umeme mwingi kwa mara moja, na hapo ndipo volti zinapoanguka chini ya kiwango ambacho chipu ya redio inakihitaji. Baridi huongeza upinzani huo. Ndugu yangu mmoja anayeishi Njombe aliniambia rimoti yake hugoma asubuhi za Juni na Julai na kufanya kazi mchana, akawa anaamini gari lina pepo la asubuhi. Akiiweka kwapani dakika mbili kabla ya kutoka nyumbani, pepo linaondoka. Hata mtindo wa kuiweka rimoti chini ya kidevu ili ifike mbali, ambao watu huucheka, una ukweli: kichwa chako kimejaa maji yenye chumvi, nayo hugeuka antena ya ziada. Utaonekana kichekesho uwanjani, lakini utapata hatua kadhaa zaidi.

Sasa maandishi yaliyo mgongoni mwa betri, maana hapo ndipo wauzaji wanapotuchezea, mara nyingi bila wao wenyewe kujua. Yangu iliandikwa CR2032. Herufi C ni aina ya kemikali, lithiamu na dioksaidi ya manganizi, yenye volti 3. R ni duara. Tarakimu mbili za mwanzo ni upana kwa milimita, 20. Mbili za mwisho ni unene kwa sehemu za kumi za milimita: 32, yaani milimita 3.2. Ukishalijua hilo huhitaji kumuuliza mtu. CR2025 ina upana uleule ila ni nyembamba, milimita 2.5. CR1632 ni ndogo kwa upana, milimita 16, unene sawa na yangu. Nissan nyingi za kubonyeza zinatumia CR2025. Toyota nyingi za kizazi cha Prius ya 2009 zinatumia CR1632. Honda Fit za wakati huo CR1616. Lakini usiamini orodha yangu wala ya muuzaji. Fungua, soma iliyomo, nenda na hiyo hiyo dukani.

"Hii inafanana nayo" ni maneno ya kukimbia. CR2025 itaingia kwenye nafasi ya CR2032, ulimi wa shaba utaigusa kwa shida, rimoti itafanya kazi siku mbili, kisha itaanza kukatakata kila ukiitikisa. Watu hujaza pengo kwa karatasi ya sigara. Mtego mbaya zaidi ni rimoti chache zinazobeba betri mbili za CR2016 zilizopandana: milimita 1.6 mara mbili ni 3.2, kwa hiyo CR2032 moja inakaa pale kana kwamba ilizaliwa pale, ila umeipa rimoti volti 3 badala ya 6, nayo itabaki imekufa. Na ipo betri inayoitwa LIR2032, ya kuchaji, yenye umbo lilelile kabisa. Ikijaa inafika volti 4.2. Muuzaji atakuambia ni bora kwa sababu "haiishi". Bodi ya rimoti haikuumbwa kwa volti hizo.

Betri za aina hii hukaa dukani miaka mingi bila kuharibika, hata kumi zikitunzwa, kwa sharti ziwe kwenye kadi yake, kila moja katika kijumba chake. Zile zinazouzwa zimemwagwa kwenye kopo, zinagongana kama kete za bao, zimekuwa zikigusana chanya na hasi tangu zilipomwagwa, na kila mguso ni umeme unaovuja. Yangu ilitoka kwenye kadi na iligharimu elfu mbili. Kazi ya fundi, elfu tatu.

Binti hakuharakisha kuiweka. Kwenye ulimi mmoja wa shaba palikuwa na ukoga wa kijani. Alichovya kijiti cha pamba kwenye spiriti, akafuta, kisha akasugua kwa kipande cha kifutio cha penseli mpaka shaba ikawa na rangi ya pete. Ulimi wenyewe aliuinua kwa ncha ya kibanio, kiasi cha unywele, ili ubane vizuri zaidi. Betri mpya aliishika kwenye kingo, si kwenye nyuso, maana vidole vyetu vina mafuta na Dar es Salaam vina mafuta na jasho. Hata hivyo aliipangusa kwa kitambaa kikavu. Alinieleza kwamba siku hizi kuna betri zinazopakwa dawa chungu upande mmoja ili mtoto akiiweka mdomoni aiteme, na kwamba utando huo hukosesha baadhi ya vifaa mguso mzuri. Apple wenyewe wanaonya hivyo kwa vidude vyao vya kutafutia mizigo. Betri mpya isipofanya kazi, kabla hujairudisha dukani, itazame kama ina duara la utando huo, na uone kama ulimi unaugusa.

Ganda likafungwa: mlio mmoja, mlio wa pili. Akabonyeza. Taa nyekundu ndogo, ambayo nilikuwa nimesahau kwamba ipo, ikawaka kama kiberiti. Gari langu, lililokuwa limeegeshwa ng'ambo ya barabara mbele ya duka la dawa, likakonyeza taa zake mara mbili.

Nilimuuliza kwa nini yangu iliisha wakati ufunguo wa gari la zamani la mke wangu, wa kuzungusha, haujabadilishwa betri tangu tulinunue. Jibu ni kwamba ule wa mke wangu hulala. Redio yake huamka ikibonyezwa tu. Ufunguo wa gari la kubonyeza halali kabisa. Saa zote unasikiliza kama gari linaita, ili ukikaribia ujibu bila wewe kuutoa mfukoni. Ukiuweka nyumbani kwenye msumari ulio ukutani, na gari liko upande wa pili wa ukuta huohuo, unaitwa na kuitika usiku kucha. Ukiuweka juu ya televisheni au kando ya chaja ya simu, makelele ya vifaa hivyo yanauamsha bure. Toyota katika vitabu vyao wanaipa betri ya ufunguo wa namna hii mwaka mmoja hadi miwili. Kwenye matoleo yao mapya kuna namna ya kuulaza kwa makusudi: shikilia kitufe cha kufunga, na ukiwa umekishikilia bonyeza cha kufungua mara mbili, taa itawaka mara nne, na ufunguo utaacha kusikiliza mpaka uubonyeze tena. Ni jambo zuri kwa ufunguo wa akiba unaokaa kabatini. Mimi wangu nimeuhamisha tu, kutoka sebuleni hadi chumbani.

Kuna jambo moja ambalo fundi yule hakulifanyia mzaha. Mwanawe, wa mwaka mmoja na nusu hivi, alikuwa anatambaa chini ya meza, na wakati wote wa kazi betri ile ya zamani mama yake aliiweka katika mkono wake wa kushoto au chini ya kikombe, hakuiacha mezani hata mara moja. Kisha akaizungushia selotepu pande zote mbili.

Yuko sahihi, na kila mwenye mtoto mdogo afanye kama yeye. Betri ya milimita 20 ina upana unaotosha kukwama kwenye umio wa mtoto. Ikikwama haihitaji kupasuka wala kuvuja. Umeme unapita katika majimaji ya mwili, na kwenye upande wa hasi hutengenezwa magadi makali yanayochoma nyama. Ndani ya saa mbili tundu linaweza kuanza. Na betri "iliyokufa" kwa rimoti, kama tulivyoona kwenye maltimita, bado ina umeme wa kutosha kwa kazi hiyo mbaya. Mtoto anaweza asiseme kitu, akatoa mate tu na kukataa chakula. Usimtapishe. Mkimbize hospitali yenye mashine ya eksirei na useme wazi kwamba unashuku betri, kwa sababu kwenye picha huonekana kama sarafu na sarafu husubiriwa. Kituo cha National Capital Poison Center cha Marekani kinashauri kwamba mtoto aliyetimiza mwaka mmoja, kama anaweza kumeza, apewe asali vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika kumi mkiwa njiani, isizidi mara sita. Lakini asali isiwacheleweshe hata dakika moja, na mtoto wa chini ya mwaka asipewe. Marekani ilitunga sheria mwaka 2022 inayodai vifaa vya nyumbani vyenye betri hizi viwe na vifuniko visivyofunguliwa na mtoto. Rimoti tunazozitumia hapa ni za kabla ya hapo, na ganda lililolegea baada ya kufunguliwa kwa kisu ni mlango wazi.

Nilipokuwa nahesabu elfu tano ya malipo, binti aliinua kikokotoo chake kutoka kwenye droo. Skrini yake ilikuwa tupu. Alifungua skrubu mbili ndogo nyuma, akatoa betri iliyokuwamo, akabandua selotepu kwenye ile yangu, akaipachika, akarudisha kifuniko na kukaza skrubu mpaka mwisho.

"Hii hainyanyui magunia," alisema.

Skrini ikaonyesha sifuri. Akapiga hesabu yangu, mbili jumlisha tatu, akanigeuzia nione.